Chini ya Mti wa Mretemu
Somo: 1 Wafalme 19:1-18

Asubuhi hii twataka kufikiri pamoja juu ya mtu ambaye shamba analo, jembe analo, lakini moyo wa kufanya kazi hana. Kwa nini mmoja huamka na kwenda, na mwenzake hawezi hata kutoka kitandani?

Kwa muda mrefu sisi wachungaji tulikuwa na jibu moja tu: uvivu. Katika parishi yetu alikuwako mzee mmoja wa kanisa, mtu hodari. Akaanza kukosa vikao, na shamba lake likajaa magugu. Tukaenda kwake na wazee wenzake, tukamsomea habari za mvivu na chungu katika Mithali, tukaomba, tukaenda zetu. Yeye hakujibu neno. Baadaye mkewe alimpeleka hospitali, na daktari akakuta ana ugonjwa wa Parkinson. Tuliona haya sana. Tulikuwa tumemkemea mgonjwa.

Basi tulianza kuuliza. Tukajifunza kwamba ndani ya ubongo ziko chembe zitengenezazo kitu kiitwacho dopamini. Mwaka 1957 mtaalamu wa Uswidi, Arvid Carlsson, aliwapa sungura dawa iliyoondoa kitu hicho ubongoni, nao wakalala kimya, wala hawakutikisika. Alipowadunga dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, waliamka tena. Kwa kazi yake alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Katika ugonjwa wa Parkinson chembe hizo hufa. Mwendo huwa wa polepole, na mara nyingi hata hamu ya kuanza jambo hupungua.

Mtaalamu mwingine, Wolfram Schultz, alichunguza ubongo wa kima. Kima alipopewa matone ya maji ya matunda bila kutazamia, chembe zile ziliamka kwa nguvu. Lakini alipokwisha kujua kwamba baada ya ishara fulani maji yaja, chembe ziliamka kwa ishara, si kwa maji. Na maji yasipofika kwa wakati wake, zilinyamaza.

Ndugu, angalieni jambo hili. Ubongo hutusukuma kwa lile tunalolitazamia, kisha hupima kama lilitimia. Mkulima akiona mche wa kwanza umetokeza, hupata nguvu ya kupalilia mstari wa pili. Bali mtoto anayeahidiwa na baba yake kila jioni kwamba daftari lake litatazamwa, wala halitazamwi, hamu yake hunyamaza siku kwa siku. Tusimwite mjinga. Sisi ndio tuliomfundisha kutotazamia kitu. Na kamari ya simu, inayowamaliza vijana wetu, hushika njia iyo hiyo: mtu huvutwa na "huenda leo nikapata," hata mfuko ukabaki mtupu.

Sasa tumtazame nabii Eliya. Juzi alisimama Karmeli mbele ya taifa zima. Leo amemkimbia Yezebeli, ameketi jangwani chini ya mretemu, anaomba afe. Hatusemi kwamba alikuwa na ugonjwa huu au ule. Lakini tazameni Mungu alivyomtendea. Hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale. Malaika akamletea mkate na maji, akala, akalala tena, akaletewa mara ya pili. Ndipo akapata nguvu za safari ya siku arobaini mpaka Horebu. Huko Mungu alimwuliza swali, akamsikiliza, akampa kazi tatu zilizo wazi, akampa Elisha awe mwenzake, na kumjulisha kwamba watu elfu saba wamebaki waaminifu.

Je, maombi hayana kazi basi? Hasha! Aliyeiumba roho ndiye aliyeuumba na ubongo, naye alimhudumia Eliya mwili na roho pamoja.

Tulirudi kwa mzee wetu tukamwomba msamaha. Alikuwa ameanza dawa. Hakutulaumu, ila alituomba tushike majembe. Siku ile tulipanda naye mistari miwili ya maharagwe, miwili tu. Juma lililofuata tukapanda miwili mingine. Maharagwe yalipoota, mkewe alitueleza kwamba mzee hutoka mwenyewe asubuhi kwenda kuyatazama.

Basi, wapenzi, nyumbani mwako akiwapo mtu ambaye moyo wake umezimika kwa majuma mengi, usianze na hukumu. Hakikisha amekula na amelala. Mpeleke kwa daktari. Kisha mpe kazi ndogo, ukae naye mpaka aimalize. Na ahadi uliyompa, itimize. Nawe uliye chini ya mretemu wako leo, jua ya kuwa Mungu hajamaliza kazi nawe.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha mtumishi wako Eliya jangwani, uwainue waliochoka. Utusamehe sisi tuliowahukumu, utufanye wenzao wa safari. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.