Jina Lile Lile, Vipindi Vingine: Namna Chaneli za Kulipia Zinavyobadilika



Mtu anayelipia televisheni kila mwezi huwa na swali moja ambalo risiti yake haimjibu: je, nilichokilipia mwaka jana ndicho ninachokipata mwaka huu? Bei anaiona. Majina ya chaneli anayaona katika orodha. Lakini vilivyomo ndani ya majina hayo huweza kubadilika polepole, bila tangazo wala barua, hata siku moja mzazi akagundua kwamba chaneli aliyoichagua kwa ajili ya elimu ya watoto sasa inaonyesha magomvi ya maharusi. Tumeona vyema tulieleze jambo hili, kwa kuwa mtumiaji anayelifahamu huchagua kifurushi kwa busara, hupeleka malalamiko mahali panapostahili, wala halipi kwa mazoea.

Tuanze na Marekani, ambako televisheni ya waya ilikua mapema na ambako mabadiliko haya yanaonekana kwa uwazi zaidi. Tarehe 1 Agosti 1981 ilizinduliwa chaneli ya MTV. Kazi yake ilikuwa moja: kuonyesha video za muziki usiku na mchana. Mwaka 1992 ikaanza kuonyesha The Real World, kipindi kilichowaweka vijana wasiofahamiana katika nyumba moja na kuwafuata kwa kamera. Kipindi hicho kikapendwa, vikafuata vingine vya namna yake, na saa za muziki zikapungua. Mwaka 1996 wenye chaneli wakaanzisha MTV2 ili wapenzi wa muziki wapate pa kukimbilia. Nayo, baada ya miaka, ikafuata nyayo za dada yake. Mwaka 2010 maneno yaliyomaanisha “televisheni ya muziki” yakaondolewa katika nembo ya MTV. Yaani vipindi vilitangulia kuondoka, na jina likaja kurekebishwa baadaye.

Mfano wa pili unagusa elimu. Chaneli inayoitwa TLC ina asili yake katika mradi wa mwaka 1972, ambao wizara ya serikali ya Marekani iliyosimamia afya na elimu ilishirikiana na shirika la anga za juu, NASA, kupeleka masomo kwa njia ya setilaiti. Mwaka 1980 huduma hiyo ikawa mali ya watu binafsi na kuitwa The Learning Channel, yaani chaneli ya kujifunza. Mwaka 1991 ikanunuliwa na kampuni ya Discovery. Hatimaye jina refu likaachwa, zikabaki herufi tatu, na vipindi vikawa vya kuchagua magauni ya harusi, familia zenye watoto wengi na mambo ya nyumbani. Chaneli ya historia, iliyoanza mwaka 1995 na kujulikana kwa filamu za vita na za watawala wa kale, ilifikia mwaka 2007 kuonyesha madereva wa malori juu ya barafu, na mwaka 2009 duka la kuweka rehani la Las Vegas.

Haifai kudhani kwamba kila badiliko ni hasara. Chaneli ya AMC ilianza mwaka 1984 kwa kuonyesha filamu za zamani za Marekani. Mwaka 2007 ilileta tamthilia yake yenyewe, Mad Men, na mwaka uliofuata Breaking Bad, na watazamaji wengi wakaona wamepata zaidi ya walichopoteza. Hata hivyo, aliyelipia kwa ajili ya filamu za zamani alikuwa na haki ya kujua kwamba hizo zinapungua.

Kwa nini basi chaneli huyaacha yale iliyoanzishwa kwa ajili yake? Sababu ziko nne, na zote zina mantiki ya kibiashara.

Ya kwanza ni namna chaneli inavyopata fedha. Chaneli ya kulipia kwa kawaida ina vyanzo viwili: matangazo ya biashara, na malipo ambayo mwenye mtandao wa waya au wa setilaiti humpa mwenye chaneli kwa kila mteja aliyemo katika kifurushi. Chanzo cha pili hakitegemei sana kama mteja anaitazama chaneli hiyo au haitazami. Maadamu imo katika kifurushi, fedha huingia. Kwa hiyo mtazamaji wa zamani akikasirika na kuacha kuitazama huku akiendelea kulipia kifurushi kizima, hasira yake haionekani katika hesabu hizo.

Ya pili ni matangazo. Mtangazaji wa bidhaa hununua macho ya watu wengi, hasa vijana na watu wazima walio katika umri wa kununua. Video ya wimbo huisha kwa dakika chache, na mtazamaji asiyeupenda hubonyeza kitufe akahamia kwingine. Kipindi cha nusu saa chenye kisa kinachoendelea humfunga kitini hadi tangazo lipite.

Ya tatu ni gharama. Kipindi kinachofuata maisha ya watu halisi hakihitaji waigizaji mashuhuri wala tamthilia iliyoandikwa kwa miezi mingi, na huweza kurudiwa mara nyingi kwa wiki. Chaneli ikipata kimoja kilichopendwa, huzaa kumi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Ya nne ni nafasi. Kupata nafasi mpya katika orodha ya mtoa huduma ni kazi ngumu. Mwekezaji anayetaka kuwafikia watazamaji wapya huona ni rahisi kununua chaneli ambayo tayari imo katika mamilioni ya nyumba, kisha akaijaza vitu vingine, kuliko kuanza na jina lisilojulikana. Jina la zamani huwa kama leseni ya kuingia sebuleni mwa watu.

Sasa tujiulize: kwa nini msimamizi asiamuru kila chaneli ibaki na kazi yake ya awali? Kanada ilijaribu njia hiyo kwa miaka mingi. Tume ya utangazaji ya nchi hiyo, CRTC, ilizipa chaneli maalumu leseni zenye masharti ya aina ya vipindi, na kuzikinga ili chaneli nyingine isiingie katika fani ile ile. Mwaka 2015 tume hiyo iliuondoa mfumo wa kila chaneli kumiliki fani yake peke yake, ikiachia zaidi uamuzi kwa watazamaji na soko. Somo ni kwamba ulinzi wa namna hiyo una bei: humhakikishia mtazamaji aina ya vipindi, lakini pia humkinga mwenye chaneli dhidi ya mshindani ambaye pengine angefanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kwetu lipo jambo la ziada. Chaneli nyingi za kigeni zilizomo katika visimbuzi, ambavyo wengi wetu huviita ving'amuzi, hutayarishwa nje kwa ajili ya nchi nyingi kwa pamoja. Msimamizi wa nchi moja aweza kudai maadili yaheshimiwe na watoto walindwe. Aweza kumtaka mtoa huduma awe mkweli kuhusu bei na orodha ya chaneli. Hawezi kuiamuru chaneli ya ng'ambo irudie muziki au historia. Gunia likiandikwa mchele na ndani mkawa na mahindi, muuzaji amedanganya. Jina la chaneli halina nguvu hiyo. Ni alama ya biashara, na haliahidi kwamba yaliyomo hayatabadilika.

Je, mtumiaji hana nguvu? Anayo, na mfano upo. Mnamo Januari 2014 mtoa huduma wa setilaiti wa Marekani, DirecTV, aliiondoa The Weather Channel katika orodha yake. Pamoja na mvutano wa malipo, DirecTV alieleza kwamba wateja walikuwa wakilalamikia chaneli ya hali ya hewa kujaa vipindi vya maisha ya watu. Iliporudishwa mwezi Aprili, chaneli hiyo ilikubali kupunguza vipindi hivyo kwa nusu katika siku za kazi. Tunalosisitiza hapa ni njia ambayo sauti ya wateja ilipitia: ilipitia kwa mtoa huduma, ambaye ndiye mnunuzi wa chaneli na ndiye anayeogopa kuwapoteza wateja.

Kwa msingi huo, tunawashauri yafuatayo.

Kwanza, kabla ya kununua kifurushi, andikeni katika familia aina za vipindi mnavyovihitaji, kisha mtazame ratiba ya vipindi ya wiki nzima, hususan saa za jioni ambapo ninyi wenyewe huwa nyumbani. Msiridhike na orodha ya majina. Chaneli moja yenye mnachokitaka ni bora kuliko ishirini msizozifungua.

Pili, muulizeni wakala maswali haya kabla ya kutoa fedha: orodha ya chaneli yaweza kubadilika wakati gani? Tutaarifiwa kwa njia ipi? Tunaweza kushuka kwenda kifurushi cha chini bila gharama ya ziada? Jibu la maandishi ni bora kuliko la mdomo.

Tatu, kila baada ya miezi mitatu, pimeni mlichokitazama dhidi ya mlichokilipa. Ikiwa chaneli iliyowafanya mchague kifurushi cha juu imebadilika, shukeni daraja. Hiyo ni kura ambayo mtoa huduma huisoma haraka kuliko barua.

Nne, kwa wazazi: msimwachie mtoto chaneli kwa sababu ya sifa yake ya zamani. Chaneli iliyokuwa ya masomo yaweza kuwa na mazungumzo ya watu wazima leo. Wekeni namba ya siri katika kisimbuzi, angalieni alama ya umri, na mara moja moja keti na mtoto mtazame pamoja.

Tano, tofautisheni malalamiko na maoni. Chaneli kuondolewa katika kifurushi bila taarifa, bei kupandishwa kimyakimya, au maudhui yasiyofaa kuonyeshwa katika saa za watoto, hayo ni malalamiko. Chaneli kuacha fani yake ni maoni, lakini nayo yapelekeni kwa mtoa huduma, kwani mkiwa wengi atayapeleka kwa mwenye chaneli. Katika malalamiko, anzeni kwa mtoa huduma na mwombe namba ya kumbukumbu. Msiporidhika na majibu, njooni kwetu mkiwa na namba hiyo, risiti, namba ya kadi ya kisimbuzi na tarehe ya tukio. Mali bila daftari hupotea bila habari, na lalamiko lisilo na kumbukumbu hutuchukulia muda mrefu kulithibitisha.

Ndugu wananchi, chaneli zitaendelea kubadilika, kwa sababu watazamaji, wamiliki na teknolojia hubadilika. Sisi tutaendelea kuwataka watoa huduma wawaambie ukweli kuhusu wanachokiuza. Nanyi tunawaomba, mwisho wa mwezi huu kabla ya kulipia tena, mfungue ratiba na kutazama kilichomo.