Chombo Kinachoandika Mwendo wa Stima

Leo tunazungumza juu ya osiloskopu ya dijitali, kile chombo chenye kioo ambacho fundi aweza kuja nacho mota ya mashine ya kusaga ikisumbua. Si televisheni ndogo, jamani.

Mita ya kawaida itasema stima ni volti 240, basi. Lakini stima haitulii hapo. Inapanda hadi karibu 340, inashuka, inapita sufuri na kwenda upande wa pili vivyo hivyo, mara 50 kila sekunde. Mshtuko wa kuharibu kifaa waweza kupita kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mita isiseme neno.

Osiloskopu hupima volti mara milioni moja kwa sekunde, au zaidi sana. Kila kipimo hugeuzwa kuwa namba, namba ikawekwa kwenye kumbukumbu, kisha zote huchorwa kwenye kioo. Ni kama karani wa maziwa anayeandika kila kikombe, si jumla ya jioni tu.

Karani huyo akiandika polepole atatudanganya. Mmeona kwenye sinema gurudumu la gari likirudi nyuma, na gari laenda mbele? Ndivyo. Wimbi lataka zaidi ya vipimo viwili kila duru. Fundi mzuri hutaka vitano au kumi. Tena kumbukumbu ina mwisho. Ya vipimo 10,000, kwa mwendo wa milioni moja kwa sekunde, hujaa kabla stima yetu haijamaliza hata duru moja.

Kwa hiyo fundi hukiwekea mpaka, tuseme volti 400. Chombo huandika na kufuta ya zamani, huandika na kufuta, hadi stima ivuke mpaka huo. Hapo hushika picha, pamoja na yale yaliyotangulia. Hili ndilo tunalolipenda zaidi. Mota huungua kwa sababu nyingi, hata volti kuwa chini. Lakini mkiambiwa ni mshtuko wa stima, kabla hamjachangishana pesa za mota nyingine, ombeni kuiona hiyo picha.

Na tahadhari. Osiloskopu ya kuchomekwa ukutani, klipu yake kwa kawaida imeungwa na waya wa ardhi. Ukiibana kwenye waya wa laivu, ni shoti papo hapo. Fundi asiye na waya maalumu wa kupimia volti kubwa asiiguse laini, na sisi wengine tusimame kando.