Hekalu la Ise: Nyumba ya Kale Isiyozeeka

Katika mji wa Ise, mkoani Mie, katikati ya Japani, kuna hekalu ambalo wafuasi wa dini ya Shinto hulihesabu kuwa takatifu kuliko yote nchini humo. Kwa hakika si hekalu moja bali ni mkusanyiko wa mahekalu 125, makubwa na madogo. Kuu kati ya hayo ni mawili: Naiku, yaani Hekalu la Ndani, anamoabudiwa Amaterasu, mungu wa kike wa jua anayehesabiwa kuwa mzazi wa ukoo wa wafalme wa Japani, na Geku, yaani Hekalu la Nje, la Toyouke, mungu wa chakula.

Mapokeo yanasema kuwa Naiku ina umri wa miaka 2,000. Hata hivyo, mgeni anayevuka daraja la Uji na kunawa katika maji ya mto Isuzu hakuti magofu wala kuta zilizoota kuvu. Hukuta uzio wa mbao na, nyuma yake, paa la nyasi. Na haruhusiwi kuingia zaidi. Kioo kitakatifu kinachotunzwa ndani, ambacho ndicho alama ya Amaterasu, hakionyeshwi kwa mtu yeyote.

Sababu ya majengo hayo kuonekana mapya ni kwamba huvunjwa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20, katika kiwanja kilicho ubavuni mwa kile cha zamani. Ujenzi wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika Naiku mwaka 690, katika enzi ya malkia Jito. Nguzo husimikwa moja kwa moja ardhini bila msingi wa mawe, na paa huezekwa kwa nyasi ndefu. Anayeijua nyumba ya makuti atafahamu mara moja kwa nini jengo kama hilo halidumu. Lakini miaka 20 ina faida nyingine: fundi aliyejifunza akiwa kijana huwahi kuwa msimamizi katika ujenzi unaofuata, na kumfundisha mwingine. Pamoja na majengo, hutengenezwa upya pia nguo, panga na vyombo vya miungu, vipatavyo 1,576.

Mnyororo huo uliwahi kukatika. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Geku haikujengwa upya kati ya mwaka 1434 na 1563, wala Naiku kati ya 1462 na 1585. Aliyeufufua hakuwa mfalme wala jemadari, bali Seijun, mtawa wa kike wa dini ya Buddha, aliyezunguka akichangisha fedha. Hilo lastahili kukumbukwa na wanaodhani kuwa dini hizo mbili zilikuwa mahasimu daima. Baada ya Japani kushindwa vitani mwaka 1945, serikali ilitenganishwa na Shinto. Ujenzi uliotarajiwa mwaka 1949 ukaahirishwa hadi 1953, ukagharimiwa kwa michango ya wananchi.

Tatizo jingine ni miti. Kila ujenzi huhitaji zaidi ya magogo 10,000 ya hinoki, mti wenye harufu nzuri, na mengi hutoka milima ya Kiso. Mwaka 1923 hekalu lilianza mpango wa miaka 200 wa kupanda miti katika msitu wake lenyewe. Walioipanda walijua kuwa hawataiona ikikatwa. Katika ujenzi wa 62, mwaka 2013, sehemu ya mbao ilitoka tena katika msitu huo, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa takriban miaka 700.

Usiku wa tarehe 2 Oktoba mwaka huo, taa zilizimwa na makuhani wakakihamisha kioo kikiwa kimefichwa nyuma ya pazia la hariri nyeupe. Ujenzi wa 63 unatarajiwa kukamilika mwaka 2033. Ibada za kuutangulia zilianza mwaka 2025.

Mbao za zamani nazo hazitupwi. Mbili kati ya nguzo kuu za Naiku huchongwa na kuwa lango la daraja la Uji, upande wa ndani. Baada ya miaka 20 hupelekwa Seki, kwenye njia kuu ya kale ya mahujaji, na kusimamishwa huko kuwa lango tena.