Presha Isiposhuka: Kipimo cha Renini

Leo tunazungumza juu ya mgonjwa anayemeza dawa za presha kila siku, lakini kila akipimwa presha bado iko juu.

Figo hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, kilichogunduliwa mwaka 1898. Presha ikishuka, au chumvi ikipungua mwilini, figo huongeza renini. Matokeo yake ni kwamba mishipa hubanwa na chumvi huzuiwa isipotee. Renini ikiwa juu, huenda figo ndizo zinazopandisha presha. Ikiwa chini sana, huenda mwili umejaa chumvi, au tezi iliyo juu ya figo inatoa homoni kupita kiasi. Hali hizi mbili hutibiwa kwa dawa tofauti. Utafiti wa Nigeria, Kenya na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba, kwa jumla, kuchagua dawa kwa kufuata renini na homoni hiyo kulisaidia kudhibiti presha sugu.

Maabara hupima kasi ya kazi ya renini, au wingi wake. Damu nyingine hubebwa kwenye barafu, lakini hii isibebwe hivyo. Ndani ya damu mna renini nyingi iliyolala. Baridi huiamsha, na majibu hupotosha. Damu hukaa kwenye joto la kawaida la chumba, maji yake yaitwayo plazima hutenganishwa haraka, kisha plazima hugandishwa mara moja. Kwa hiyo ni heri mgonjwa asafiri hadi penye maabara kuliko damu kusafirishwa kutoka Kambu.

Mlezi, kumbuka haya:

1. Beba dawa zote anazotumia. Baadhi hubadilisha majibu, lakini usimkatize dawa. Daktari ndiye aamuaye.

2. Usimpunguzie wala kumwongezea chumvi ghafla kabla ya kipimo bila kuuliza.

3. Apimwe asubuhi, akiwa ameamka kwa saa 2 hivi, kisha aketi dakika 5 hadi 15 kabla ya kutolewa damu.

4. Mama mjamzito aseme mapema. Renini hupanda wakati wa mimba, na baadhi ya dawa za presha humdhuru mtoto tumboni.

Ukienda kliniki, uliza: "Daktari, presha haishuki. Je, kipimo cha renini kitasaidia?"