Tulikutuma Nairobi, umetuletea nini?

Hotuba ya mfanyakazi wa shirika la kienyeji mbele ya kamati za familia zilizohama na viongozi wa mitaa inayozipokea, Kalemie



Nimeombwa niseme juu ya biashara na amani. Nitaanza na safari ya siku 12 niliyoifanya nikiwa mwanafunzi, mwezi wa Julai 2015. Wakati ule nilikuwa ninasoma biashara huko Bukavu, na walimu wetu walipanga ziara ya masomo kwenda Nairobi, nchini Kenya. Kila mwanafunzi alitakiwa kulipa dola 200. Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki. Mama yangu aliuza sambaza sokoni, na pesa hizo hakuwa nazo.

Lakini alikuwa na likelemba. Walikuwa wamama 20. Kila mmoja alitoa dola 10 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao alipokea zote. Zamu ya mama yangu ilikuwa bado mbali. Wenzake walikutana, wakambadilishia zamu. Mama aliyetakiwa kupokea mwezi ule, muuza mihogo, alikubali kungoja. Aliniambia neno moja tu: "Ukirudi, utatuambia umetuletea nini."

Kwa hiyo nilisafiri na deni.

Tulichokiona Nairobi

Tulikwenda kwa basi, tukapita Rwanda na Uganda. Mimi nilifikiri kwamba biashara ni majengo marefu na benki. Siku za kwanza tulionyeshwa hayo pia. Tulielezwa juu ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007. Kwetu Kongo ilikuwa imefika mwaka 2012, lakini wengi wetu tuliitumia kwa kutumiana pesa tu. Kule niliona mama akiuziwa nyanya na kulipa kwa simu.

Siku ya tano tulipelekwa Kamukunji, kwa mafundi wanaoitwa jua kali, kwa sababu wengi wao hufanya kazi nje, juani. Wanakata bati na mapipa ya zamani, wanatengeneza majiko, masufuria, karai na masanduku. Makelele ya nyundo yalituzuia hata kusikilizana. Fundi mmoja alitupigia hesabu ya sanduku moja: bei ya bati, bawaba, rangi, na siku ya kazi. Niliandika yote. Mwishowe nilinunua sanduku dogo kwa pesa yangu ya mwisho. Nilisema, hili nitawapelekea wamama watunzie pesa zao.

Siku ya saba tulifika Eastleigh. Hapo ndipo ninaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu habari ya Eastleigh ni habari ya watu kama ninyi.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka na vita vikaenea. Watu wengi walikimbilia Kenya. Wengine walifika Nairobi, katika mtaa huu wa Eastleigh. Humo mlikuwa na nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Wakimbizi walipanga vyumba. Usiku walilala humo na watoto, na bidhaa zao zikakaa chini ya kitanda. Mchana walizitoa na kuuza nguo mlemle chumbani. Wanunuzi walikuja kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Pole pole vyumba viligeuka kuwa maduka, na Garissa Lodge ikawa jumba la biashara. Majumba mengine yalifuata, mengi yakijengwa kwa pesa ya watu waliochanga pamoja. Siku hizi wafanyabiashara kutoka nchi nyingi hufika Eastleigh kununua bidhaa.

Mwalimu wetu alitupa kazi: kila mwanafunzi akae na mfanyabiashara mmoja tangu asubuhi hadi jioni. Mimi nilikaa na mzee Msomali, muuza vitambaa. Asubuhi alikuja mama Mkenya, mchuuzi. Akachukua mafungu ya nguo, mzee akaandika katika daftari, mama akaondoka bila kulipa hata shilingi. Nilishangaa. Hawakuwa kabila moja wala dini moja. Nikamwuliza mzee, "Asiporudi je?" Akanijibu, "Kesho atakula nini? Na mimi nitauza kwa mkono wa nani?" Jioni yule mama alirudi na pesa.

Lakini mzee hakunificha upande wa pili. Mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulio ya kigaidi nchini, polisi na askari waliingia Eastleigh. Walikamata maelfu ya watu, hasa Wasomali, na wengi walipelekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani wakaguliwe vitambulisho. Mzee alifunga duka. Yule mama Mkenya, ambaye hakuna aliyemgusa, naye alikosa bidhaa ya kuuza. Mzee aliniambia kwamba watu walipoanza kuogopana, wote wawili walilala njaa, na mpaka wake wenyewe haukuwa na kosa lolote.

Nilivyorudi

Nilirudi Bukavu na sanduku langu. Wamama walikusanyika nyumbani kwetu. Nikaweka sanduku katikati, nikalisifu. Muuza mihogo akaligusa, akasema, "Mwanangu, sanduku hata fundi wa hapa Bukavu angetutengenezea. Sisi tunauliza umejifunza nini." Nikaanza kusema maneno makubwa ya darasani: mtaji, soko, ushindani. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakaenda kupika. Kwa mwalimu wangu niliandika ripoti na nikapata alama nzuri. Kwa wamama wale, deni lilibaki.

Baadaye nilianza kazi hii ninayoifanya, na nikafanya kosa ambalo ninataka kuliungama mbele yenu. Katika kijiji kimoja tulianzisha kikundi cha kutengeneza sabuni. Tuliwachukua wamama waliohama peke yao, kwa sababu walikuwa na shida kubwa kuliko wengine. Hatukuwauliza wenyeji, ambao walikuwa wamewapa wageni hao mashamba na kugawana nao kisima. Sabuni ilitoka nzuri. Lakini siku ya soko hakuna mwenyeji aliyeinunua. Walisema, "Wageni wana shirika lao, na wauziane wenyewe." Karibu ugomvi ulipuke kisimani. Shida hiyo sisi ndio tuliileta, kwa nia njema.

Usiku ule nilimkumbuka mzee wa Eastleigh na daftari lake. Tuliomba radhi kwa wazee wa kijiji, tukaanza upya: nusu wenyeji, nusu waliohama. Wenyeji walijua soko na mafuta ya mawese yanakopatikana. Waliohama walijua kupika sabuni. Kila upande ulimhitaji mwenzake apate chakula cha kesho. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichokuwa nimekiona miaka ile.

Sanduku na daftari

Sanduku la Kamukunji wamama walilitumia miaka mingi, na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Mwezi wa Februari 2025 M23 waliingia Bukavu. Benki zilifunga milango. Mama yangu na wenzake walitawanyika. Sanduku liliporwa. Lakini mwandishi wao alikimbia na daftari kifuani, ndani ya kitenge. Miezi michache baadaye, mmoja akiwa Uvira, mwingine Bujumbura, wengine wakiwa wamebaki, walianza kutafutana kwa simu. Walisoma majina na madeni. Mama wawili walikubali kusamehe. Wengine walianza kulipana kidogo kidogo, dola 2, dola 3. Yule muuza mihogo ndiye aliyepokea wa kwanza.

Alinipigia simu. Nikamwambia, "Mama, sasa ninaweza kukujibu." Nikamweleza habari ya mzee na mchuuzi. Alicheka, akasema, "Kumbe tulikutuma mbali ukaone kile tulichokuwa tunakifanya." Nadhani alisema kweli.

Wapendwa, ninaomba tujadili mambo matatu leo.

Kwanza, vikundi vyetu vya kuweka akiba viwe na wenyeji na waliohama pamoja. Viongozi wa mitaa, msikubali shirika lolote, hata letu, lianzishe kikundi cha upande mmoja bila kuwauliza.

Pili, kila kikundi kiwe na daftari mbili zinazolingana, moja kwa mwenyeji na moja kwa aliyehama. Sanduku linaweza kuibwa. Maandishi yanayokubaliwa na pande mbili ni vigumu kuyaiba.

Tatu, tuwatume vijana wetu wakaone. Si lazima Nairobi. Kigoma iko ng'ambo ya ziwa, na bidhaa nyingi za soko letu hutoka huko. Kijana akikaa siku chache na mfanyabiashara, akaona jinsi bei inavyopangwa na mkopo unavyoaminiwa, atarudi na macho mengine. Nanyi mnajua wanaomngojea kijana asiye na kazi wala tumaini: wanampa bunduki siku hiyohiyo, wala hawamdai nauli. Lakini kila tunayemtuma atumwe na watu, kwa mchango wao, kutoka pande zote mbili. Aondoke na deni. Akirudi, tukae naye hapa tumwulize: tulikutuma, umetuletea nini?

Nami sasa niko tayari kusikiliza maswali yenu.