Mpigaji wa Ridhaa, Je, Ameridhika?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wapigaji, waimbaji na wapenzi wa muziki wa Susuni, Tarime



 Tumeombwa tuseme juu ya bendi. Aghalabu mtu akisema juu ya bendi husifu magitaa na sauti za waimbaji, watu wakapiga makofi, mambo yakaisha. Sisi leo hatukuja kusifu. Tumekuja na swali moja ambalo twaona haliulizwi: je, mpigaji mwenyewe ameridhika na bendi yake?

Mwenye harusi huuliza bei. Mchezaji huuliza kama kuna nyimbo mpya. Mkuu wa bendi huuliza nani amechelewa mazoezini. Lakini yule apigaye gitaa la besi tangu saa mbili za usiku mpaka jogoo awike, nani humwuliza kama moyo wake ungali humo? Huulizwa siku anapoondoka, na siku hiyo swali huwa limekwisha kugeuka lawama.

Tuanze na neno lenyewe. Lugha yetu humwita mpigaji asiyeajiriwa kuwa mpigaji wa ridhaa. Walioliteua neno hilo waliona mbali, maana ridhaa ni kukubali kwa moyo. Askari hushikwa na kiapo, na mwajiriwa hushikwa na mkataba wake. Mpigaji wa ridhaa hashikwi na kitu chochote ila kule kukubali kwake. Mchana analima mahindi na muhogo, anachunga ng'ombe, anaendesha pikipiki ya abiria au anauza duka kule Sirari. Jioni anakuja mazoezini kwa kupenda mwenyewe. Basi siku ridhaa yake ikiisha, hakuna kamba ya kumfungia. Ndiyo sababu twasema kuridhika kwa mpigaji ni nguzo ya kati ya nyumba, na nguzo hiyo haina budi kutazamwa kabla haijaliwa na mchwa.

Hapa Susuni hatuna haja ya kumweleza mtu litungu ni nini. Nyuzi zake nane mmezisikia tangu utotoni. Majirani zetu Wajaluo wana nyatiti, na Wakisii ng'ambo ya mpaka wana obokano, na vyote ni vyombo vya ukoo mmoja. Sasa mtazameni mpiga litungu. Yeye ni bwana wa kazi yake. Chombo ni chake, maneno ni yake, na anachotuzwa kinaingia mkononi mwake. Akikosana na mwenye sherehe, hubeba litungu lake akaenda zake.

Mpigaji wa bendi ana hali nyingine. Gitaa ni la kikundi, au ni la tajiri aliyelinunua. Spika ni za kukodi. Jenereta ni la jirani. Wimbo autunge yeye, litakalotangazwa ni jina la bendi. Akiondoka, anaondoka na vidole vyake kumi.

Kwa kusema hivyo hatuwaambii mrudi kila mtu na chombo chake peke yake. Bendi ina faida kubwa, na kwa wilaya hii faida hiyo si ya muziki tu. Tarime imeona mapigano ya koo yaliyoleta vifo na kuwatoa watu makwao, kama yale ya mwaka 2009. Vijana wa koo mbalimbali wakikaa chini ya paa moja mara tatu kwa juma, mmoja akimngoja mwenzake aingie na gitaa lake kwa wakati wake, wanajifunza jambo ambalo hotuba zetu haziwezi kuwafunza. Bendi hiyo ikivunjika kwa kununa, kila mmoja hurudi kwa watu wake, na manung'uniko ya fedha yaweza kuvikwa nguo ya ukoo. Kwa hiyo msituone tunapoteza wakati kwa mambo ya dansi.

Tuwatazame sasa waliotutangulia. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Bendi nyingi za zamani zilikwenda kama klabu, nao wapigaji walikuwa na kazi zao za mchana, kama ninyi. Mwaka 1964 ilianzishwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake wakaajiriwa wakawa na mshahara. Hapo mtu angedhani kunung'unika kumekwisha.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 kinara wake, Mbaraka Mwinshehe, alitoka akaunda Super Volcano. Mwaka 1978 Muhiddin Maalim Gurumo aliiacha bendi ile ya wafanyakazi akaingia Mlimani Park, na mwaka 1985 yeye na wenzake kadhaa wakahamia Orchestra Safari Sound. Huko Nairobi, mwaka ule ule wa 1978, wapigaji walitoka Simba Wanyika wakaanzisha Les Wanyika. Na Kongo, mwaka 1963, Tabu Ley Rochereau na Dr Nico walikuwa wamekwisha kuiacha African Jazz ya Kabasele.

Kila mmoja wao alikuwa na sababu zake, nasi hatukukaa hapa kuwahukumu. Tena kuondoka kwao kulituzalia bendi mpya na nyimbo nzuri. Lakini somo lipo wazi. Bendi zile zilikuwa na jina, na nyingine zilikuwa na mshahara, na bado watu walitoka. Ikiwa hayo hayakutosha kuwashika wale, ninyi msio na mshahara mtashikwa na nini?

Wazee wengine hutujibu kwamba vijana wa sasa wanapenda fedha tu. Twawaheshimu wazee, lakini hapo hatukubaliani nao. Mpigaji wa ridhaa anayetaka fedha kwanza hangekuja kwenye bendi ya kijijini. Tukikaa na wapigaji na kuwasikiliza, mara nyingi twasikia manung'uniko manne, nayo ni haya.

La kwanza ni hesabu. Mtu hukubali kupokea shilingi chache. Asilokubali ni kutojua zilikuwa ngapi. Bendi imepiga harusi usiku kucha, mkuu amepokea bahasha gizani, na asubuhi kila mtu anapewa kidogo na kuambiwa mafuta ya jenereta yamekula nyingine. Huenda ni kweli. Lakini kweli isiyoandikwa hufanana sana na uwongo.

La pili ni vyombo. Wapigaji hutoa fungu lao miezi mingi ili gitaa linunuliwe, kisha gitaa likalala nyumbani kwa mtu mmoja na likawa lake. Yapasa iandikwe tangu mwanzo: chombo hiki ni cha nani, na anayeondoka atarudishiwa nini.

La tatu ni nafasi ya kutunga. Kijana amekuja na wimbo, anaambiwa angoje. Mwaka unapita, anangoja. Siku wimbo ukipigwa, haambiwi mtu kuwa ni wake. Jueni kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi. Basi jina la mtunzi liandikwe kwenye daftari la bendi siku ile ile wimbo unapoanza kufanyiwa mazoezi.

La nne ni mama na dada zetu. Kwenye kwaya za makanisa ndio wanaoshika sauti, ndio wanaojinunulia sare, na hawakosi mazoezi. Kwenye bendi huitwa kupamba jukwaa, na mazoezi huwekwa saa ambayo mwanamke hawezi kutembea peke yake kurudi kwake. Kisha twauliza kwa nini hawadumu. Saa ya mazoezi ibadilishwe, nao wawe na sauti kikaoni kama walivyo na sauti wimboni.

Na ninyi wapigaji, msifurahi mkidhani lawama yote ni ya wakuu. Mpigaji anayenyamaza kikaoni na kusema yote kwenye kilabu cha pombe anaiua bendi polepole. Anayekuja mazoezini saa moja baadaye amewala wenzake saa moja kila mmoja. Na anayetaka kuondoka aseme mapema, amfundishe mwenzake sehemu yake, aage vizuri. Kuondoka kwa wema si usaliti. Kuna wapigaji waliotoka kwenye bendi zao wakarudi tena miaka mingi baadaye wakapokewa, Gurumo akiwa mmojawapo, kwani alirudi Msondo. Mlango uliofungwa taratibu hufunguka tena.

Basi tunawaachia kazi ndogo. Kabla ya mavuno, kila bendi na kila kikundi hapa Susuni kikae kikao kimoja bila vyombo. Liletwe chungu lenye mfuniko. Kila mpigaji na kila mwimbaji, mkuu wa bendi pia, apewe punje ya hindi na punje ya harage. Aliyeridhika atie hindi, asiyeridhika atie harage, naye asionekane anachotia. Kisha chungu kimwagwe mkekani mbele ya wote.

Maharage yakiwa mengi, mkuu asikasirike wala asianze kutafuta ni ya nani. Afungue daftari la hesabu, aanze nalo. Mahindi yakiwa mengi, msilale, rudieni tena baada ya miezi mitatu, kwani ridhaa ya mwaka jana haipigi gitaa la mwaka huu.