Kadi ya Kazini Ina Mwisho: Ujue Kabla Mtoto Hajaugua

   

Leo hatutazungumza juu ya homa wala kuhara. Tutazungumza juu ya ile kadi iliyo kwenye mkoba wako, kadi ya matibabu uliyopewa kazini au aliyopewa mume wako. Wengi wetu tukishaipata tunapumua. Tunasema, "Sasa mtoto akiugua, mwajiri atalipa." Ni kweli, atalipa, lakini atalipa hadi wapi?

Nitakupa mfano. Ni mfano tu, lakini mambo yake hutokea. Tumwite mama huyu Mama Tatu, kwa kuwa ana watoto watatu. Mumewe ameajiriwa, na kadi ya kazini inalipa shilingi 500,000 kwa mwaka mtu akilazwa. Mama Tatu anaamini kwamba kila mmoja nyumbani ana laki tano zake. Mwezi wa Machi mumewe anapasuliwa, na bili inakuwa shilingi 340,000. Kadi inalipa yote. Familia inashukuru na kusahau.

Mwezi wa Septemba kitinda mimba anashikwa na nimonia kali. Analazwa na kuwekewa oksijeni. Siku ya kwenda nyumbani, bima ya serikali ikiwa imeshalipa sehemu yake, bili iliyobaki ni shilingi 245,000. Mama anatoa kadi. Karani anaangalia kompyuta, anasema, "Mama, kadi yenu imebakisha laki moja na sitini tu."

Zile laki tano hazikuwa za kila mtu. Zilikuwa za familia nzima kwa mwaka mzima. Sasa Mama Tatu anatafuta shilingi 85,000. Anapigia ndugu simu, anaomba mkopo wa chama, na mumewe anafikiria kuuza ng'ombe. Mtoto amepona, lakini nyumba imeingia kwenye deni.

Mpenzi msikilizaji, hapo ndipo kiini cha mazungumzo yetu. Kikomo kilichoandikwa kwenye kadi ya kazini hapa Kenya ni kikomo cha kampuni ya bima. Kinasema kampuni itaacha kulipa wapi. Hakisemi wewe utaacha kulipa wapi. Bili ikipita pale, mfuko wako ndio unaoendelea, na mfuko wako haukuwekewa mwisho.

Pengine una dada au mwana anayefanya kazi Marekani. Huenda amewahi kukuambia kwa simu, "Mwaka huu nimefikisha kikomo, sasa matibabu silipi tena." Anasema kweli, lakini kikomo chake si kama chako. Kule, sheria ya mwaka 2010 iliweka mpaka wa kile ambacho mgonjwa mwenye bima anaweza kutozwa kutoka mfukoni kwa mwaka, na mpaka huo ulianza kufanya kazi mwaka 2014. Kwa mwaka 2025 mpaka huo ulikuwa dola 9,200 kwa mtu mmoja na dola 18,400 kwa familia. Akishalipa kiasi hicho, bima hubeba yaliyobaki, mradi ni matibabu yaliyo kwenye mkataba na hospitali iliyo kwenye orodha. Ada anayokatwa kila mwezi haihesabiwi. Si pesa kidogo hizo, lakini angalau familia inajua mwisho wa mzigo wake.

Kwa hiyo usichukue maneno ya Marekani ukayaweka kwenye kadi ya Nairobi, Kisumu au Mombasa. Neno ni moja, lakini kule linamkinga mgonjwa, na hapa linamkinga anayelipa.

Je, utafanya nini? Kwanza, uliza. Nenda, au mtume mume wako, kwenye ofisi inayoshughulikia wafanyakazi. Usiogope kuonekana msumbufu, kwa maana bima hiyo ni sehemu ya malipo ya kazi. Uliza maswali haya sita, na uandike majibu kwenye daftari.

Swali la kwanza: Kikomo ni cha kila mtu au tunagawana familia nzima?

Swali la pili: Kulazwa ni shilingi ngapi, na kutibiwa na kurudi nyumbani ni shilingi ngapi? Mara nyingi hizi ni hesabu mbili tofauti. Pesa za kutibiwa na kurudi huwa chache, na mafua ya watoto huzimaliza haraka.

Swali la tatu: Kuna vikomo vidogo ndani ya kile kikubwa? Hapa mama, sikiliza vizuri. Kadi inaweza kusema laki tano, lakini uzazi ukawa na kiasi chake kidogo. Meno na macho pia. Ugonjwa wa muda mrefu kama pumu, kisukari au selimundu nao unaweza kuwekewa kiasi chake.

Swali la nne: Kuna pesa ninazotoa mimi kila ninapoingia hospitali? Bima nyingine hukutaka uchangie kidogo kila mara. Shilingi mia tano mara ishirini kwa mwaka ni shilingi 10,000.

Swali la tano: Mtoto mchanga anaingia lini? Mtoto hajiingizi kwenye kadi kwa kuzaliwa. Lazima aandikishwe, na mara nyingi kuna siku za mwisho za kufanya hivyo. Uliza ukiwa bado mjamzito.

Swali la sita: Kikiisha, inakuwaje? Baadhi ya waajiri hulipa kilichozidi kisha wakakata mshahara pole pole. Wengine wana mfuko wa dharura. Wengine hawana lolote. Ni heri kujua leo kuliko kujua ukiwa mbele ya karani.

Jambo la pili, fuatilia salio. Unajua salio la simu yako, basi jua na la kadi. Kila mara baada ya matibabu, uliza kimebaki kiasi gani, na uandike kwenye daftari lile lile. Kabla ya kutia sahihi, soma bili. Je, dawa hii ulipewa? Kipimo hiki kilifanywa? Usitie sahihi karatasi tupu. Wala usimkopeshe jirani kadi yako kwa ajili ya mtoto wake, hata kwa huruma. Ni kosa, na pia historia ya ugonjwa wa mtoto mwingine itaandikwa kwa jina la wako.

Jambo la tatu, usisahau bima ya serikali. Mwezi wa Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Anayelipwa shilingi 40,000 hukatwa shilingi 1,100 kila mwezi. Hiyo ni pesa yenu. Lakini je, wewe na watoto mmeandikishwa chini ya jina lake? Makato pekee hayatoshi. Piga *147# kwenye simu uhakikishe kila mtoto yumo.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu katika hospitali iliyo na mkataba na SHA, kile inacholipa hupunguza kinachotoka kwenye kadi ya kazini. Kwa uzazi, viwango vilivyotangazwa mwaka 2024 vilikuwa shilingi 10,000 kwa kujifungua kawaida na shilingi 30,000 kwa kupasuliwa. Tena sheria ya mwaka 2023 iliyoanzisha mpango huu iliunda hazina ya dharura, magonjwa sugu na magonjwa mahututi, ya kusaidia pale malipo ya bima ya serikali yanapokwisha. Ukiwa na mgonjwa wa aina hiyo, uliza hospitalini kuhusu hazina hiyo kabla ya kuitisha harambee.

Jambo la nne, tumia kadi kwa mambo yaliyo mazito. Chanjo za kawaida za mtoto hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Zahanati na vituo vya afya hulipiwa na hazina ya afya ya msingi kwa waliojiandikisha. Mtoto akiwa na mafua madogo na anacheza, hakuna haja ya kumpeleka hospitali kubwa ya mjini. Mwulize daktari pia, "Kuna dawa ya bei nafuu yenye kazi ile ile?" Hilo si swali la aibu. Kila shilingi unayookoa mwezi wa Februari inaweza kukusaidia mwezi wa Septemba.

Lakini hapa nataka tuelewane vizuri, mama. Kuokoa kadi si kuchelewesha matibabu. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, akilegea na kulala bila kuamka, akipumua kwa shida au kifua kikibonyea ndani, usifungue daftari. Mpeleke hospitali sasa hivi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hesabu itafuata mtoto akiwa hai. Vile vile, usikatize dawa ya pumu au ya kifafa kwa sababu kadi imekwisha. Rudi kwa daktari, mweleze ukweli, na utafute kituo cha serikali kitakachoendeleza matibabu.

Jambo la mwisho, weka akiba yenu ya ugonjwa. Hata shilingi mia mbili kwa wiki ni zaidi ya shilingi 10,000 kwa mwaka. Iweke mahali pasipoguswa na sikukuu wala karo. Na kumbuka, kazi ikiisha, kadi ya kazini nayo huisha. Siku hiyo hiyo angalia malipo yenu ya SHA yaendelee.

Basi, turudie kwa ufupi. Kikomo cha kadi ya kazini ni cha kampuni, si chako. Uliza maswali sita. Andika salio. Hakikisha watoto wako kwenye SHA. Tumia kituo cha karibu kwa magonjwa madogo. Na dalili za hatari zikionekana, usingoje.

Jioni ya leo, baada ya chakula, mketi pamoja na mwenzako, mtoe ile kadi na kile kijitabu chake ambacho pengine hakijawahi kufunguliwa. Msome pamoja. Msipoelewa mahali, wekeni alama, na kesho aulize kazini. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.